Mume anataka mtoto ahamie Dodoma, mama mkwe anataka kurudi Pangani: je, kosa ni la godoro?

Mshauri mpendwa,

Salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili. Ninaishi Tabata pamoja na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Pangani baada ya baba mkwe kufariki dunia. Nyumba tuliyopanga ina vyumba viwili vya kulala na sebule, kwa hiyo mama mkwe analala chumba kimoja na wajukuu, na mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miaka saba, ndiye anayelala naye kitanda kimoja. Wanapendana mno. Hadithi zote anazozijua mtoto huyu amezisikia akiwa amelala ubavuni mwa bibi yake.

Tangu masika ya mwaka jana mtoto amekuwa akiamka usiku wa manane akikohoa kikohozi kikavu huku kifua kikipiga mluzi, na asubuhi anapiga chafya mfululizo, pua ikichuruzika maji. Tulizunguka sana kwenye zahanati tukipewa dawa za kikohozi na antibaiotiki. Mwishowe tulifika kwa daktari wa watoto, ambaye alimfanyia kipimo cha ngozi kwenye mkono na kutuambia kuwa mtoto ana pumu, na kwamba ana aleji ya wadudu wanaokaa kwenye vumbi la ndani, hasa kwenye magodoro, mito na mazulia. Alitupatia inhela mbili, moja ya kutuliza anapobanwa na nyingine ya kuzuia, ambayo inatakiwa kuvutwa asubuhi na jioni, na akashauri tubadilishe malazi ya mtoto.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mume wangu alifika nyumbani akatangaza mbele ya wote kwamba daktari amekuta wadudu kitandani. Mama mkwe alinyamaza, hakula chakula cha usiku, na kesho yake akaniambia kuwa amelea watoto sita kwenye magodoro ya pamba na mito ya sufi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa kifua, na kwamba kama ninamwona mchafu nimwambie usoni. Godoro lao ni la sponji, tulilonunua tulipooana. Ila mito miwili ni ya sufi, aliishona mwenyewe na alikuja nayo kutoka Pangani. Mimi sijawahi kusema kuwa ni mchafu. Anafua mashuka kila wiki kwa mikono yake, na chumba chake kinanukia udi kila magharibi. Mume wangu naye amehamishia hasira kwa dada wa kazi, kila jioni anapitisha kidole juu ya kabati akitafuta vumbi.

Likizo ya mwezi wa sita tulimpeleka mtoto Dodoma kwa wifi yangu. Alikaa huko karibu likizo nzima bila kukohoa hata usiku mmoja. Alikuwa akilala sebuleni na binamu zake, kwenye godoro jembamba linalotandikwa usiku na kuanikwa nje asubuhi, na wifi yangu, ambaye ni mtu wa utaratibu, alimpa inhela ya kuzuia asubuhi na jioni kama ilivyoandikwa. Hapa nyumbani tunampa siku anapozidiwa tu, maana mama mkwe anaamini kuwa mtoto akiizoea hataweza tena kuishi bila hiyo. Aliporudi Dar es Salaam, wiki haikuisha kabla kikohozi hakijaanza upya.

Sasa mume wangu ameamua kuwa hewa ya Dar es Salaam haimfai mtoto, na kwamba ifikapo Januari ahamie Dodoma moja kwa moja, akasome huko. Wifi amekubali. Mama mkwe anasema kama mtoto anaondoka kwa sababu ya kitanda chake, basi na yeye atarudi Pangani. Mimi sitaki mwanangu akulie mbali nami, lakini pia naogopa kuwa mama anayemng'ang'ania mtoto huku mtoto mwenyewe anakosa pumzi. Je, nimwache aende? Au nimtoe chumbani kwa bibi yake na kumvunja moyo mzee? Naomba ushauri wako.

Mama aliye njia panda, Tabata

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa Tabata,

Pole kwa usiku mwingi uliokesha ukisikiliza kifua cha mtoto. Barua yako inaanza na kikohozi na kuishia na watu wawili wanaotakiwa kuhama nyumba: mjukuu aende Dodoma, au bibi arudi Pangani. Katikati yao uko wewe, unayetakiwa kuchagua nani aumie. Kabla hujachagua, naomba turudi kwenye ile sentensi aliyokuja nayo mume wako kutoka hospitali, kwa sababu ninaona imebeba zaidi ya alichosema daktari.

Mtu yeyote akisikia kwamba kitandani mwake kuna wadudu, anachofikiria ni kunguni, na kunguni ni aibu ya nyumba. Wanaozungumziwa hapa si kunguni. Ni utitiri wa vumbi, viumbe wenye miguu minane walio ukoo mmoja na kupe na buibui, wenye urefu wa takriban robo ya milimita, ambao huwezi kuwaona kwa macho matupu. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Chakula chao ni chembe za ngozi iliyokufa, ambazo kila mmoja wetu, aliyeoga na asiyeoga, anazipukutisha usiku kucha. Maji hawanywi, wanayavuta kutoka hewani kwa msaada wa chumvichumvi iliyo karibu na mashina ya miguu yao ya mbele, kwa namna ileile chumvi ya jikoni inavyolowa ndani ya kopo wakati wa masika. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50 hivi na kubaki huko kwa muda mrefu, wanakauka na kufa. Ukiwa kati ya asilimia 70 na 80, na joto likiwa nyuzi 25 hivi, wanastawi na kuzaliana, na hali hiyo ndiyo tuliyo nayo Dar es Salaam sehemu kubwa ya mwaka.

Kwa hiyo mama mkwe wako ana haki ya kukasirika, kwa kuwa ameshtakiwa kosa ambalo halipo. Nyumba ya Masaki yenye zulia nene na sofa za vitambaa inaweza kuwa na utitiri wengi kuliko chumba cha uswahilini chenye kitanda cha kamba na mkeka. Hata madaktari hawakuwajua kwa muda mrefu: walifahamu kuwa vumbi la nyumbani linaamsha pumu, lakini ni katika miaka ya 1960 tu ambapo watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Reindert Voorhorst, walionyesha kuwa kiini cha jambo hilo ni utitiri, na kwamba nyumba zenye unyevunyevu ndizo zinazokuwa nao kwa wingi. Watoto wake sita walilala nao pia, bila shaka. Tofauti ni kwamba miili yao haikuwa na mwelekeo wa mzio, na mwelekeo huo mara nyingi hurithiwa, kutoka upande wa baba au wa mama.

Kinachomsumbua mtoto hasa ni kinyesi chao. Utitiri mmoja hutoa takriban punje 20 kwa siku, na ndani ya punje hizo mna protini, mojawapo ikiwa ni kimeng'enya cha kusagia chakula, ambacho kikitua kwenye utando wa pua au wa njia ya hewa kinaweza kulegeza viungio vya seli na kupenya. Mwili wa mwenye mzio umeshatengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini hizo, kwa hiyo kila zinapoingia hujibu kwa kumwaga histamini na kemikali nyingine. Mtu anapiga chafya, pua inatoa maji, na kama ana pumu njia zake za hewa zinavimba na kubana. Punje zenyewe ni nzito, hazikai hewani muda mrefu. Huinuka mtu anapojigeuza kitandani au shuka linapokung'utwa, kisha hutua tena ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo maana kidole cha mume wako juu ya kabati hakitapata jibu, na dada wa kazi anaonewa bure. Juu ya kabati halali mtu, wakati mtoto ameweka pua yake kwenye mto tangu saa tatu usiku hadi alfajiri. Kama kuna cha kumwomba dada, ni apige deki badala ya kufagia pakavu, na mashuka ayakung'utie nje, mtoto akiwa mbali.

Sasa tuje Dodoma, kwa kuwa uamuzi wote wa mume wako umesimama hapo. Hoja yake si ya kubezwa. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni nyanda kame, na mwezi wa sita ni katikati ya kiangazi. Utitiri hawapati raha kule. Hata Ulaya, kwa miaka mingi watoto wenye pumu walipelekwa Davos, mji wa milimani Uswisi wenye hewa kavu, na wengi walipata nafuu. Lakini itazame likizo ile kwa makini kama ulivyoieleza wewe mwenyewe. Hewa ilibadilika, ndiyo. Godoro nalo lilibadilika: badala ya sponji nene la miaka mingi, alilalia godoro jembamba linalopata jua kila asubuhi. Mto wa sufi haukuwapo. Moshi wa udi, bila shaka, haukuwapo. Na dawa ya kuzuia, ambayo Tabata huipata akizidiwa tu, kule aliipata asubuhi na jioni. Mambo hayo yote yalibadilika kwa pamoja, na sifa zote zikapewa hewa. Inawezekana kweli ni hewa. Ila mimi ningependa kujua kingetokea nini kama hayo mengine, ambayo hayahitaji tiketi ya basi, yangefanyika kwanza katika chumba kilekile cha Tabata.

Ninaanza na inhela, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kuliko penginepo. Dawa ya kuzuia pumu kwa kawaida ni steroidi ya kiwango kidogo inayovutwa hadi kwenye mapafu; hailevyi na haimfanyi mtu mtumwa wake. Inashusha uvimbe polepole, kwa siku na wiki za matumizi ya mfululizo, kwa hiyo ukimpa mtoto siku amezidiwa tu, umempa katika saa ambayo haiwezi kumsaidia, na siku ambazo ingemsaidia hakuipata. Sisemi haina madhara yoyote. Inaweza kuleta utando mweupe mdomoni, na ndiyo sababu mtoto hushauriwa kusukutua baada ya kuvuta. Pia watoto wengine hupungukiwa kidogo kasi ya kurefuka, hasa mwaka wa kwanza. Hayo yazungumze na daktari, ukamweleze bila kuficha jinsi mnavyoitumia nyumbani, kwa maana kama anadhani mtoto anaipata kila siku, anaweza kukisia kuwa imeshindwa na kuongeza dozi. Mwombe pia awaonyeshe namna ya kuvuta kwa kutumia kile chombo cha plastiki cha kuunganishia, maana watoto wengi huishia kupuliza dawa kwenye ulimi. Na wote mnaoishi naye, bibi akiwemo, mjue dalili za kukimbilia hospitali usiku uleule: akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, nyama za katikati ya mbavu zikivutwa ndani kila anapopumua, midomo ikibadilika rangi, au inhela ya kutuliza isipoleta nafuu.

Kuhusu malazi, nadhani umejiwekea njia mbili tu, mtoto abaki kama alivyo au aondolewe kwa bibi, wakati kati ya hizo mna nafasi kubwa. Je, wanaweza kubaki chumba kimoja, mtoto akawa na godoro lake dogo na mto wake, umbali wa mkono kutoka kwa bibi? Hadithi zitamfikia. Mto wa sufi wenyewe si adui. Utitiri hukaa kwenye sufi, kwenye pamba, kwenye manyoya na kwenye sponji vilevile, na kinachohesabika zaidi ni umri wa kitu na unyevu uliomo. Kama fedha inaruhusu godoro moja jipya la mtoto, liacheni ndani ya mfuko wenye zipu wa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizobanana sana. Ile tabia yetu ya kulala juu ya nailoni ya dukani, ambayo watu huicheka, kumbe ina akili yake, ingawa kwa joto la Februari mtoto ataloa jasho na huenda mkaichana wenyewe.

Jua mnalo bure. Watafiti wa Sydney, Australia, walianika mazulia kwenye jua kali katika miaka ya 1990 na kukuta utitiri waliokuwamo wamekufa. Godoro jembamba hupata moto hadi katikati. Nene huwapa pa kujificha, kwa kuwa hukimbia mwanga na joto kwa kuzama ndani. Hata hivyo jua huua utitiri bila kuondoa kinyesi chao, kwa hiyo baada ya kuanika, mtu mwingine asiye mtoto alipige godoro hukohuko nje. Mashuka na foronya vinahitaji maji ya nyuzi 55 hadi 60 ili utitiri wafe, joto ambalo mkono haulivumilii, yaani ni kuyaloweka kwenye karai la maji yaliyotoka jikoni kabla ya kuyafikicha. Wiki ambayo gesi haitoshi, maji baridi na sabuni huondoa sehemu kubwa ya protini zile, na jua litamalizia. Wanasesere wa manyoya wanaweza kulala kwenye friza usiku kucha na mchana wake, kisha wafuliwe.

Kitu kimoja msikianike juani nacho ni chandarua. Kifueni taratibu kwa sabuni isiyo kali na kukikausha kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa iliyomo, na msishawishike kukiondoa kitandani kwa hofu ya vumbi. Malaria haijahama Dar es Salaam. Dawa za mbu za kuchoma, moshi wa mkaa na huo udi wa magharibi ni habari nyingine. Si mzio wa utitiri, lakini moshi wa aina yoyote huchokoza njia za hewa zilizokwisha kuvimba. Pengine bibi angekubali kufukizia sebuleni mapema, mtoto akiwa bado anacheza nje.

Nisikuahidi kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003, uliohusisha watu wazima zaidi ya elfu moja wenye pumu, uligundua kuwa kufunika magodoro na mito peke yake hakukuleta tofauti. Mwaka uliofuata, utafiti wa Marekani kwa watoto 937 wa mijini ulipata nafuu ya kuonekana, lakini ule ulishughulikia mambo mengi kwa pamoja, yakiwemo malazi, mende na moshi wa sigara. Kwangu mimi hiyo ina maana kwamba kununua kifuniko na kungoja muujiza ni kupoteza fedha, na kwamba inafaa kutazama pia mende wa jikoni na ukungu wa ukutani. Kumbuka vilevile kuwa kipimo cha ngozi huonyesha mwili unachokitambua kama adui. Hakithibitishi kuwa adui huyo ndiye pekee anayemwamsha mtoto usiku.

Sasa mama mkwe. Mbona ninaona kwamba hajawahi kuelezwa jambo hili na mtu yeyote isipokuwa mwanawe aliyekuwa amekasirika? Kliniki inayofuata, ungeweza kumwomba akusindikize, amsikie daktari kwa masikio yake na amwulize kuhusu kuzoea dawa. Mzee aliyelea watoto sita anaweza kuwa ndiye mtu wa kuaminika zaidi wa kusimamia inhela ya asubuhi na jioni, kuliko wewe unayewahi daladala. Inawezekana akakataa. Inawezekana pia akasema mito ile apewe mtu mwingine, na ukamwona anaumia. Hapo usiharakishe kumfariji kwa kusema ni mito tu, maana kwake si mito tu.

Na kama mtoto atakwenda Dodoma? Sikuambii kuwa ni kosa. Familia nyingi za Kitanzania zimelea watoto kwa shangazi zao na wakakua vizuri. Ila nenda ukijua kwamba nafuu ya hewa kavu hudumu mtu akiwa ndani ya hewa hiyo. Watoto wa Davos waliporudi makwao dalili nyingi zilirudi. Dodoma nayo ina vumbi la barabarani, chavua na msimu wake wa mvua kuanzia Desemba, na mtoto mwenye mwelekeo wa mzio anaweza kupata mzio mpya popote. Kuna pia hatari ambayo haipimwi kwenye mkono: mtoto wa miaka saba anayeambiwa aondoke nyumbani, na bibi yake akaondoka wiki hiyohiyo, ataelewa kuwa kikohozi chake ndicho kilichowatawanya. Huenda baadaye akaanza kuficha kikohozi.

Kubaki nako kuna hatari zake. Miezi iliyosalia kabla ya Januari ndiyo ya vuli, yenye unyevu, na jaribio lolote mtakalofanya Tabata litakuwa katika msimu mgumu. Mkifanya nusunusu, huku inhela ikisahaulika, mtafika Desemba mmechoka na mume wako atakuwa na ushahidi mpya wa hoja yake. Kwa hiyo kama mtajaribu, kubalianeni naye mapema ni kitu gani kitahesabika kuwa nafuu: idadi ya usiku anaoamka kwa wiki, iandikwe kwenye daftari, pamoja na mara anazohitaji inhela ya kutuliza. Daktari wenu pia atalifurahia daftari hilo. Pumu isipotulia hata kwa dawa inayotumika sawasawa, ombeni rufaa kwa mtaalamu. Ipo tiba ya kuuzoesha mwili protini za utitiri kidogo kidogo, ingawa huchukua miaka mitatu hadi mitano na haipatikani kila mahali.

Wakati huohuo mpigie wifi yako simu, wewe mwenyewe, si kupitia kwa mume. Mwulize kama ataweza kusimamia dawa kila siku ya mwaka wa shule na si ya likizo tu, mtoto atalala wapi mvua zikianza na godoro haliwezi kuanikwa, na usiku akibanwa nani atampeleka hospitali, ipi, kwa usafiri gani. Majibu yake utayahitaji uamuzi ukiwa huu au ule.